Maneno Aliyopewa Edina

Jumatano, tarehe 20 Septemba 2023. Asubuhi ilikuwa ya baridi na upepo, ule upepo wetu wa Dodoma unaolichota vumbi la upande huu na kulimwaga upande ule, kisha ukalirudisha. Ilipofika saa nne jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, na angani hapakuwa na wingu hata moja. Tulitoka Nkuhungu, mtaani kwetu mjini, na gari la kukodi, Elieth amekaa mbele na dereva, mimi nyuma pamoja na kreti za soda, tukashika njia ya Chemba.

Elieth ni mtafiti mshiriki. Nimefanya naye kazi miaka mingi, na mtaani pia ni jirani yangu, lakini bado napata shida kueleza kazi yake kwa mtu asiyeijua. Mama mwenye genge pale kwetu anaamini ni karani wa sensa. Kila Elieth akirudi na vumbi kichwani, humwuliza:

"Dada Elieth, hiyo sensa yenu haiishi tu?"

"Haiishi, mama. Na nyie si mnazaa kila siku?"

Kwa kifupi, kazi yake ni kwenda kuuliza watu wanavyoishi, kuwasikiliza, na kuyapanga waliyosema hadi yaeleweke kwa mtu ambaye hajawahi kufika kwao. Utafiti huwa na mkuu wake. Huu ulikuwa na Dakta Hashimu, mtu mwema, ambaye siku hizi anashinda kwenye vikao vya wizara huko Mtumba. Yeye ndiye anayesimama mbele ya wakubwa na kueleza matokeo. Elieth ndiye anayelala kwenye nyumba za wageni zisizo na maji, anayejua ni mlango gani una mbwa mkali, na anayeandika sehemu kubwa ya ripoti. Kwenye jalada jina lake hukaa la mwisho. Mara nyingine halikai kabisa, huwekwa ndani, kwenye shukrani.

Ana miaka arobaini na tatu. Amezaliwa Bahi. Baba yake alitaka awe mwalimu, naye akasoma sosholojia, na hadi mzee anafariki alikuwa bado anawaambia watu kwamba binti yake anafundisha, ila wanafunzi wake wametawanyika.

Mimi nasikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika. Kwa hiyo namjua Elieth kwa namna ambayo wengi hawamjui, maana nimemsikia akiwa kazini bila kumwona. Akifika kwenye nyumba ya watu haulizi swali la kwenye dodoso mpaka ameuliza habari za mbuzi, za mguu uliokuwa unauma mwaka jana, na za mjukuu aliyekwenda sekondari. Akipewa kigoda anakaa kwenye kigoda, akipewa gunia anakaa kwenye gunia. Mtu akinyamaza, na yeye hunyamaza. Watafiti vijana hukimbilia kuujaza ukimya kwa swali jingine. Yeye huuacha. Nimekaa mara nyingi na vifaa masikioni nikisikiliza kuku na upepo, nikijua kwamba baada ya hapo litakuja neno la maana. Na kila mara ameniagiza: "Kaka Wilbert, usiruke kimya. Andika kwamba amenyamaza."

Utafiti huu ulihusu namna kaya zinavyoivuka miaka ya njaa. Kijiji chenyewe kiko upande wa Kwa Mtoro na sitakitaja, kwa sababu ndivyo tulivyowaahidi. Wenyeji wengi ni Wasandawe, watu wa asali na uwele, na Kiswahili kwao ni lugha ya kukutana na wageni. Huko ndiko mwaka uliotangulia Elieth alikokutana na Mama Stanley.

Mama Stanley, ambaye jina lake la ubatizo ni Sidonia, ni mwanamke wa miaka sabini hivi, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Aliongea na Elieth mchana mzima. Nilipokuwa nayaandika maneno yake ofisini ilinibidi nisimame, nitoke nje kidogo, ndipo nirudi kuendelea. Elieth naye aliniambia kwamba katika watu wote aliowahoji, huyo ndiye aliyemfanya aelewe walichokuwa wanakitafuta. Sura nzima ya ripoti ikajengwa juu ya maneno yake.

Sasa, katika kazi hii majina ya watu hayaandikwi. Ni sheria, na ni sheria nzuri, maana mtu anayekueleza siri ya nyumba yake hapaswi kuja kuchekwa au kuulizwa na yeyote. Kila mmoja hupewa jina la bandia. Wapo wanaoandika Mhojiwa wa Kwanza, Mhojiwa wa Pili. Elieth hapendi. Yeye huchukua majina ya watu wa kwao Bahi: shangazi zake, bibi zake, wajomba. Anasema akimwita mtu kwa jina la shangazi yake hawezi kumwandika vibaya. Sidonia alimpa jina la shangazi aliyemlea, Edina. Alikagua kwanza kwamba miongoni mwa wote tuliowahoji hapakuwa na Edina. Hapakuwa naye kweli.

Siku hiyo ya Jumatano tulikuwa tunapeleka mrejesho. Maana yake ni kwamba kabla ripoti haijachapishwa, unarudi kwa wenyewe na kuwasomea ulichoandika. Wengi huona ni usumbufu. Elieth hajawahi kuuacha.

Tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Mwenyekiti wa kitongoji, Damiani, alifungua kikao. Sidonia alikuwa amekaa karibu na dirisha, kitenge kipya begani. Nilimtambua alipojibu salamu ya Elieth. Sauti ile niliijua kabla sijaijua sura.

Elieth alisoma vizuri, polepole, akieleza pale palipohitaji maelezo. Watu waliitikia, wakabishana kidogo kuhusu bei ya ufuta. Kisha akafika kwenye sura ile.

"Bi Edina, mkulima, anasema..."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Vichwa vyote vikageukia nyuma, ambako mwanamke mnene mwenye kilemba chekundu alikuwa anasinzia.

"Edina! Amka, umeandikwa!"

"Nani? Mimi?"

"Wewe! Umo kwenye kitabu!"

Baadaye tuliambiwa kwamba Edina huyo ndiye mpika pombe wa kitongoji, na kwamba wakati wa mahojiano alikuwa kwa dada yake Kondoa, akiuguza. Akasimama, akajitengeneza kilemba. "Basi soma, mwalimu. Kama wameandika pombe yangu ni chungu, tutaonana."

Elieth alisita. Nafikiri alitaka kueleza, lakini watu walikuwa wanapiga madawati, soma, soma. Akasoma.

"'Mwaka ule nilibeba asali kwenda Kondoa kutafuta uwele. Nilipoondoka mwanangu alikuwa na homa kidogo, lakini alinisindikiza mpaka kwenye kona ya zizi. Niliporudi na uwele, walikuwa wamekwisha kumzika. Ule uwele niliusaga, tukaula. Ningefanyaje? Walikuwepo wengine wenye njaa.'"

Kicheko kilikatika. Wanawake wengi wa rika lile walikwenda Kondoa miaka hiyo ya sabini, na karibu kila mmoja mle ndani alikuwa na mama au bibi wa kumfikiria. Mzee mmoja akamgeukia Edina.

"Pole sana, Edina. Miaka yote hii hukutuambia."

"Pole, mama," akasema mwingine.

Edina alibaki amesimama. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya kweli kabisa, kwa maneno yasiyokuwa yake. "Asanteni," akasema. "Asanteni jamani."

Sidonia akainuka. Akajitanda kitenge chake vizuri, akapita katikati ya madawati bila kumgusa mtu, akatoka.

Elieth aliweka karatasi mezani. "Jamani, naomba mnisikilize. Edina niliyemsoma si Edina huyu. Ni jina tumelitunga ili mwenye maneno asijulikane. Kosa ni langu."

"Mmelitunga?" akauliza Edina, akijifuta.

"Ndiyo, mama."

"Likaja kuniangukia mimi?"

"Ndiyo. Nisamehe."

"Ah, basi niachie tu. Pole nilizopewa leo sikuzipata hata nilipofiwa na mume wangu."

Watu wakacheka tena, na kikao kikaendelea. Lakini mimi nilimwona Elieth akitazama dirishani. Alisoma kurasa zilizobaki, akajibu maswali yote, akamshukuru mwenyekiti, na soda zilipoanza kugawiwa akanishika mkono. "Twende."

Tulimkuta Sidonia nyumbani kwake akipepeta ufuta kwenye ungo. Hakuinua macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Elieth akakaa chini, kwenye mchanga. Sidonia akaendelea kupepeta. Ulikuwa ule ukimya ninaoujua, na kwa mara ya kwanza niliuona kwa macho. Mwishowe Sidonia ndiye aliyesema.

"Siku ile ulinieleza kwamba nikitaka kuyachukua maneno yangu, nitarudishiwa. Wakati wowote."

"Nilisema hivyo, mama."

"Nirudishie."

Elieth alishusha pumzi. Ripoti ilikuwa ipelekwe kwa mchapaji kesho yake, na sura ile bila maneno ya Sidonia ingekuwa nyumba bila nguzo ya kati. Hata hivyo hakujitetea kwa hilo, wala hakulitaja.

"Nitayatoa," akasema. "Leo hii. Lakini nikuulize, si kwa ajili ya kitabu. Ni kwa sababu wamempa pole Edina?"

"Edina apewe tu. Naye ana yake." Sidonia akaweka ungo chini. "Siku ile uliniuliza watoto wangu ni wangapi. Nikakutajia. Hukuniuliza yule anaitwa nani."

Ni kweli. Dodoso letu lilikuwa linauliza walio hai.

"Anaitwa Castory," akasema Sidonia. "Ndiye kifungua mimba wangu. Nilipokwenda Kondoa nilikuwa Mama Castory. Njiani nilikuwa Mama Castory, sokoni wenzangu waliniita Mama Castory, njoo huku uwele ni mzuri. Nikarudi. Pale nyumbani hakuna aliyeniita hivyo tena. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wananionea huruma, walikuwa wanaogopa kunitonesha. Wakaniita wewe, wakaniita dada, wakaniita shemeji. Mpaka alipozaliwa Stanley, ndipo nikapata jina tena. Mume wangu amekufa akiniita Mama Stanley. Nampenda Stanley. Lakini nilikaa na wewe mchana mzima nikasema, huyu anaandika, sasa kijana wangu atakuwa amewekwa mahali. Leo nimeitwa, nikageuka, nimekuwa Edina."

Akauchukua ungo wake tena.

Elieth alikuwa amelowa machozi, lakini sauti yake ilikuwa ile ile ya kazini. "Mama, kama wewe ndiye ungekuwa unaniandikisha, ungetaka niandike nani?"

"Si nimekwambia?"

"Mama Castory anasema," akasema Elieth, kama anayesoma.

Mikono ya Sidonia ikatulia kwenye ungo.

"Kuna mtu yeyote hapa anayekuita hivyo leo?" Elieth akauliza.

"Nani? Niliotoka nao Kondoa wamekwisha. Vijana hawa hata hawajui kwamba alikuwepo."

Elieth akainuka na kujipangusa mchanga. "Naomba unisubiri, mama. Kwanza nimwulize mkubwa wangu."

Simu hushika mtandao mahali pamoja tu, juu ya mawe nyuma ya shule. Tulipanda. Elieth aliweka spika; Dakta Hashimu alipokea haraka, nikisikia kelele za watu wakitoka kikaoni.

"Elieth, mrejesho umekwendaje?"

Akamweleza yote bila kujipendelea, hata kosa la Edina.

"Faili nimekwisha kulisaini," akasema Dakta. "Kesho linaondoka. Lakini hilo si tatizo, mchapaji atasubiri. Tatizo ni kumficha mhojiwa. Tuliahidi hatajulikana, sasa unaniambia tumwandike kwa jina lake mwenyewe?"

"Ni jina ambalo hakuna anayemwita tangu mimi sijazaliwa, Daktari. Jina la bandia ni lazima liwepo. Nani alichague, hapajaandikwa popote. Ninaomba achague yeye."

Dakta akauliza, "Na wazee? Hakuna hata mmoja atakayekumbuka akaunganisha?"

"Hilo siwezi kuapa."

"Basi mrudie umwulize hilo. Mwambie wazi hatari yake. Akikubali akiwa anaelewa, nitabadilisha. Asipokubali, tunatoa sura nzima na mimi nitajua la kuwaambia."

Tuliteremka. Njiani Edina alitupita akiwa na chupa mbili za soda, moja kila mkono. "Mwalimu!" akaita. "Yule mwenyewe mkimwona, mwambieni nilimlilia vizuri!"

"Nitamwambia, mama," akasema Elieth, na alikuwa anamaanisha.

Sidonia alikuwa amewasha moto. Elieth akakaa pale pale mchangani na kumweleza, kwa Kiswahili chepesi, kwamba ripoti itasomwa na watu wengi, kwamba inaweza kurudi mpaka huku, na kwamba huenda mzee fulani akasikia Mama Castory akakumbuka. Akimkumbuka Castory, atajua kwamba anayesema ni yeye.

Sidonia alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema jambo kwa Kisandawe, polepole, kama mtu anayepima uzito wa kitu mkononi, na akalirudia kwa Kiswahili.

"Atakayejua ni mimi, atakuwa ndiye anayemkumbuka mtoto. Huyo nimwogopee nini?"

"Kwa hiyo unakubali, mama?"

"Andika." Akachochea moto. "Na wewe jina lako liko wapi kwenye hicho kitabu?"

Elieth akatabasamu. "Liko ndani, mama. Kwenye shukrani."

"Nyuma huko?"

"Nyuma kidogo."

"Kumbe na wewe," akasema Sidonia, na wakacheka wote wawili, cheko la chini la watu waliochoka.

Jioni ile, kwenye chumba cha wageni tulichokodi, Elieth alifungua kompyuta yake na kubadilisha sura nzima mahali kwa mahali. Kwenye maneno yenyewe hakugusa kitu. Alinisomea ili nilinganishe na nilichokuwa nimekiandika kutoka kwenye sauti. Pale aliponyamaza Sidonia, baada ya kona ya zizi, tuliacha kimya kama kilivyokuwa. Akarudi kwenye mawe nyuma ya shule kuituma. Jibu la Dakta lilikuja kabla hajateremka: "Imepokelewa. Mwambie asante."

Kesho yake asubuhi upepo ulikuwa umetulia. Dereva alitaka tuondoke mapema, lakini Elieth aliomba dakika chache, akajifunga khanga, akaenda kwa miguu mpaka kwa Sidonia, nami nikamfuata na karatasi aliyonakili kwa mkono, maana hatukuwa na mashine ya kuchapia. Mlango ulikuwa umerudishwa. Elieth akasimama hatua chache kutoka mlangoni, akavua ndala.

"Hodi, Mama Castory."

Ndani kulisikika chombo kikiwekwa chini. Elieth hakubisha tena, alisubiri.

"Karibu," sauti ikasema. "Karibu ndani."

Sidonia alimkalisha kwenye kigoda, akaketi mbele yake na mikono mapajani kama mtu aliyeko kanisani. Elieth akamsomea ukurasa ule tangu mwanzo: asali, homa kidogo, kona ya zizi, uwele. Alipomaliza, Sidonia akamwambia, "Rudia pale mwanzo."

"Mama Castory, mkulima, anasema..."

"Pale tu."

"Mama Castory."

Sidonia akaitikia kwa kichwa. Kisha akauvuta ungo wenye ufuta uliobaki jana, akausukuma kidogo kuelekea kwa Elieth. Huko nje dereva alikuwa anapiga honi. Elieth alijisogeza na kigoda chake, akainama, akaanza kuchambua ufuta pamoja naye.